Garbo na pacha asiyekuwepo: Kichekesho cha 1941 kilikwama wapi?

Kila anayeandika habari za Greta Garbo hufika mahali akarudia maelezo yaleyale: mwaka 1941 staa huyo alitoa kichekesho kibovu cha mapenzi kiitwacho Two-Faced Woman, wahakiki wakakirarua, naye akaaga sinema akiwa na miaka 36. Maelezo hayo ni mafupi na matamu, ila hayamsaidii mtu anayetaka kujua filamu huharibikaje. Filamu huharibika mahali fulani, kwa uamuzi fulani, na hii ina jeraha linaloonekana kwa macho. Garbo alijua kuchekesha, na alikuwa amethibitisha hivyo miaka miwili tu kabla. Kilichovunjika ni mpangilio wa nani anajua nini, na anakijua lini. Kwa kichekesho cha mtu kujigeuza mtu mwingine, mpangilio huo ndio uti wa mgongo.

Tuanze na kile kilichofanikiwa. Ninotchka, iliyoongozwa na Ernst Lubitsch na kutoka 1939, iliuzwa kwa tangazo fupi: Garbo anacheka! Lilikuwa tangazo la uongo kidogo, kwa maana alikuwa ameshacheka katika filamu zake za nyuma, lakini lilionyesha kwamba MGM, studio yake, walijua wana mali gani mkononi. Uso wa Garbo ulikuwa maarufu kwa utulivu. Mwishoni mwa Queen Christina (1933) kamera inamsogelea mpaka uso unajaa kioo kizima, na mwongozaji Rouben Mamoulian alikuwa amemwambia asifikirie chochote, ili kila mtazamaji auandike huzuni au ushujaa wake mwenyewe juu ya uso huo. Waandishi wa Ninotchka, Charles Brackett, Billy Wilder na Walter Reisch, waliuchukua uso uleule wakaufanya ukuta. Ninotchka ni afisa wa Kisovieti aliyetumwa Paris. Hatabasamu, na maneno ya mapenzi huyajibu kama karani anayejaza fomu. Watu wanaujia ukuta huo kwa kasi, wanaugonga, na sisi tunacheka.

Tukio la mkahawa linafaa kutazamwa mara kadhaa. Leon, anayeigizwa na Melvyn Douglas, amejipa kazi ya kumchekesha mwanamke huyu. Anamsimulia utani wa mteja aliyeagiza kahawa bila krimu. Mhudumu anaomba radhi, krimu imekwisha, yamebaki maziwa tu, je, amletee kahawa bila maziwa? Wafanyakazi waliokaa meza za jirani wanavunjika mbavu. Ninotchka kimya. Leon anaurudia, anauvuruga, anapandwa na hasira, kisha anaegemea vibaya na kuanguka chini pamoja na kiti na vyombo vya meza. Hapo ndipo Garbo anapasuka kwa kicheko, hadi anaupiga mkono mezani. Filamu iko karibu katikati, na muda wote uliotangulia ulikuwa ukiweka akiba kwa ajili ya dakika hiyo. Lubitsch hakumbadilisha Garbo hata kidogo kabla ya hapo. Alibadilisha waliomzunguka.

Kwa hiyo mwaka 1941 studio ilikuwa na mfano mezani, na hata mwigizaji mwenza ni yuleyule, Douglas. Mwongozaji akawa George Cukor, ambaye alikuwa amemwongoza Garbo vizuri sana katika Camille (1936). Mtayarishaji alikuwa Gottfried Reinhardt. Hati iliandikwa na S. N. Behrman, Salka Viertel na George Oppenheimer, watu wasio na uchanga wowote katika kazi hiyo. Orodha ya majina haina kasoro, na ndiyo maana kisa hiki kinafundisha zaidi kuliko filamu mbovu iliyotengenezwa na watu wasiojua kazi.

Hadithi yenyewe ni hii. Larry Blake, mhariri wa jarida mjini New York, anakwenda milimani kupumzika, anakutana na Karin Borg, mwalimu wa skii, na wanaoana haraka kabla hata ya kufahamiana. Ndoa ikishafungwa, mwanamume anageuka: anataka mke wa kumfuata na kumtii, na kazi inamwita mjini. Anaondoka, anaahidi kurudi, harudi. Karin anamfuata New York bila taarifa, anamkuta karibu mno na Griselda, mwandishi wa tamthilia ambaye zamani alikuwa na uhusiano naye. Asitake kuonekana mke mwenye wivu, anadai yeye siye Karin bali pacha wake, Katherine, mwanamke wa starehe asiyejali ndoa ya mtu. Kisha anaanza kumjaribu mume wake mwenyewe: je, atamtongoza shemeji?

Mtu aliyekulia na sinema za Kihindi zenye mapacha atasema hii ni njia iliyokwisha kukanyagwa, na ni kweli. Chanzo chake ni tamthilia ya Kijerumani ya Ludwig Fulda, Die Zwillingsschwester, ya mwaka 1901. Hollywood ilikuwa imeshaipiga picha mara mbili: 1925 kwa jina la Her Sister from Paris, filamu bubu ya Constance Talmadge, na 1934 kwa jina la Moulin Rouge, Constance Bennett akiwa stelingi. Na katika jambo la kuchekesha kuliko mengi yaliyomo ndani ya filamu yenyewe, Bennett huyohuyo ndiye aliyepewa nafasi ya Griselda mwaka 1941. Mwanamke aliyewahi kuibeba hadithi hii mabegani aliwekwa kando kama mpinzani, amtazame mwenzake akihangaika nayo.

Sasa angalia kilichobadilika kati ya matoleo hayo. Jukwaani, mtazamaji yuko mbali, na kwa desturi za tamthilia anakubali kwamba nguo mpya humfanya mtu asitambulike. Katika filamu bubu ya 1925 uso unaonekana kwa karibu, lakini sauti haipo. Katika Moulin Rouge sauti ipo, ndiyo maana mke anajifanya staa wa Kifaransa: lafudhi ya kigeni inakuwa barakoa. Halafu anakuja Garbo, mwenye sauti nzito ya chini na lafudhi ya Kiswidi iliyojulikana dunia nzima tangu Anna Christie ya 1930, filamu ambayo MGM waliitangaza kwa kusema tu kwamba Garbo anaongea. Karin ana lafudhi hiyo. Katherine, pacha wake wa bandia, analazimika kuwa nayo vilevile. Mikono ileile, mabega yaleyale, sauti ileile. Nywele zimekatwa fupi na kusokotwa mawimbi, magauni yamepunguzwa kitambaa, basi. Kumwamini mume asiyemtambua mke huyu kunamtaka mtazamaji amwone Larry mjinga, na Douglas hakuwa mwigizaji wa kucheza wajinga. Haiba yake yote ilikuwa ni werevu.

Tatizo hilo lina dawa, tena dawa iliyokuwa ikionyeshwa kwenye kumbi za Marekani mwanzoni mwa mwaka uleule. Katika The Lady Eve ya Preston Sturges, Barbara Stanwyck ni tapeli wa karata melini anayependana na tajiri mpole (Henry Fonda), anaachwa, kisha anarudi akijifanya binti wa kabaila wa Kiingereza ili kulipiza kisasi. Stanwyck hafichi uso hata kidogo. Anabadilisha lafudhi na mwendo tu. Na Sturges, badala ya kuukimbia ulinganifu wa sura, anaufanya ndio utani: Fonda anashawishika kwamba huyu ni mwingine kwa sababu wanafanana mno. Mwanamke aliyetaka kujificha, anajiambia, angejitahidi asifanane. Wakati huohuo mtumishi wake, William Demarest, anazunguka akinung'unika kwamba ni yuleyule, na hakuna anayemsikiliza. Sturges amempa mtazamaji wakili wake ndani ya hadithi. Shaka yoyote uliyo nayo kitini, Demarest anaisema kwa niaba yako, inachekesha, inakwisha.

Two-Faced Woman haina mtu wa namna hiyo. Kuna katibu, Miss Ellis, aliyeigizwa na Ruth Gordon, na kuna Roland Young katika nafasi ya mwenzake Larry kikazi. Wote wawili ni wachekeshaji hodari ambao wangeweza kubeba mzigo huo, lakini hati haikuwapa.

Ukitaka kuipima hati ya aina hii, chora safu tatu kwenye karatasi: mtazamaji, mdanganyifu, mdanganywa. Kwa kila tukio andika kila mmoja anajua nini. Kichekesho cha kujigeuza kinaishi kwa tofauti kati ya safu hizo. Mtazamaji na mdanganyifu wakijua na mdanganywa asijue, tunacheka kwa kumwona akitembea kuelekea shimoni. Mdanganywa naye akijua, na mdanganyifu asijue kwamba amejulikana, tunapata kicheko cha pili, chenye makali zaidi, kwa sababu mwindaji amekuwa mawindo. Lakini zamu hiyo ya pili ina masharti. Lazima ije baada ya ya kwanza kukomaa, kwa kawaida katika theluthi ya mwisho. Lazima tuione ikitokea usoni mwa mtu. Na mtu huyo lazima awe na sababu ya kuendelea kunyamaza ambayo haimfanyi kuwa mkatili. Kukosa sharti moja tu kunatosha kuharibu mambo. Filamu hii, kama ilivyowafikia watazamaji wengi, imekosa yote matatu.

Ilikuwaje? Hapa inabidi tutoke studioni twende kanisani.

Legion of Decency lilikuwa shirika la Wakatoliki wa Marekani lililoanza miaka ya 1930 kwa lengo la kuzipima filamu. Alama zake zilikuwa A kwa isiyo na tatizo, B kwa yenye mambo ya kupingwa, na C kwa iliyolaaniwa. Waumini waliapa makanisani kutotazama filamu za C, na katika miji kama Boston, Chicago na New York kiapo hicho kilikuwa na uzito wa fedha. Studio kubwa kwa kawaida hazikufika C kwa sababu zilikuwa na mchujo wao wenyewe, ofisi ya kanuni za maadili iliyosimamiwa na Joseph Breen. Filamu iliyobeba muhuri wa ofisi hiyo ilitarajiwa kupita. Lakini mwaka 1941 Breen alikuwa ameondoka kwa muda kwenda kusimamia utengenezaji wa filamu katika studio ya RKO. Two-Faced Woman ikapata muhuri, ikaenda mbele ya Legion mwezi Novemba, na ikapigwa C. Shirika lilitaja mtazamo usio wa Kikristo kuhusu ndoa na wajibu wake, matukio na maneno ya kuashiria uchafu, na mavazi. Askofu Mkuu wa New York, Francis Spellman, akaitaja kwa jina katika onyo kwa waumini wake.

Kosa lenyewe lilikuwa wazi. Katika toleo la kwanza Larry hajui. Anapomsogelea Katherine anadhani kwa dhati kwamba anamsogelea dada wa mke wake. Kwa mtazamaji hakuna zinaa yoyote, wawili hao ni mke na mume halali. Lakini moyoni mwa Larry nia ipo, na ndiyo iliyowaudhi maaskofu. Tusiwadhihaki haraka. Waliisoma hati kwa makini kuliko baadhi ya wahakiki, na waliona kwamba mchezo wote unaning'inia kwenye nia hiyo.

MGM waliiondoa filamu, wakapunguza hapa na pale, na wakaongeza tukio moja: Larry anapiga simu milimani, anapata jibu linalomjulisha kwamba pacha hayupo, na Katherine ni Karin. Kuanzia hapo anajua. Legion ikashusha alama hadi B, na filamu ikarudi sokoni mwishoni mwa Desemba.

Simu hiyo moja ilifanya uharibifu wa namna mbili. Wa kwanza ni wa kiufundi. Douglas alikuwa amepigwa picha wakati wa kiangazi akiigiza mwanamume aliyechanganyikiwa: anavutwa, anajizuia, anavutwa tena. Sasa sura hizohizo, bila kupigwa picha upya, zilitakiwa kusomeka kama za mwanamume anayejifanya amechanganyikiwa. Macho ya mtu mwenye shaka na macho ya mtu anayeigiza shaka hayafanani, na mwigizaji wa daraja la Douglas angeyatofautisha kama angeambiwa mapema. Matokeo yake ni kwamba katika nusu ya pili unamwona akisitasita mahali ambapo hana cha kusitia. Watazamaji wengi huiona filamu kuwa nzito, ya kuyumba, bila kujua kwa nini. Sababu ni hiyo: maneno ya hadithi yanasema jambo moja na uso wa mhusika unasema lingine.

Uharibifu wa pili ni wa maadili, na kwangu ndio mkubwa. Kabla ya simu, Larry ni mwanamume dhaifu anayejaribiwa. Baada ya simu, ni mtu anayejua kwamba mke wake yuko mbele yake, anajua kwamba mke huyo anaumia akidhani anasalitiwa, na anaamua kumwacha aendelee kuumia ili yeye afurahie mchezo. Karin hajui kwamba amejulikana. Kila busu analopokea kama Katherine ni kisu kwa Karin, na mume anajua. Wakaguzi walitaka kuiokoa ndoa. Walichopata ni ndoa iliyo mbaya kuliko ile ya mwanzo, ila mbaya kwa namna isiyohesabika katika kanuni zao. Ukatili haukuwa na alama kwenye fomu.

Mtu anaweza kuuliza kama Garbo na Douglas hawakuweza kabisa kuubeba mchezo wa utambulisho. Waliweza. Mwaka 1932, katika As You Desire Me iliyotokana na tamthilia ya Luigi Pirandello, Garbo alikuwa mwanamke asiye na kumbukumbu ambaye huenda ni mke aliyepotea wa kabaila wa Kiitaliano, huenda siye. Mume huyo aliigizwa na Douglas huyohuyo. Filamu ile inategemea swali lilelile, huyu ni yeye au siye, na inalilinda hadi mwisho. Utulivu wa uso wa Garbo unafanya kazi kwa sababu hata mtazamaji hajui. Katika Two-Faced Woman mtazamaji anajua kila kitu tangu mwanzo, Karin anajua, na baada ya simu Larry anajua. Uso wenye siri umewekwa katika hadithi isiyobakiwa na siri yoyote.

Kuna pia suala la kile ambacho Garbo alitakiwa kufanya na mwili wake. MGM walitaka kumfanya mwanamke wa Kimarekani wa kisasa. Kwa hiyo anateleza na skii, anaogelea akiwa na vazi la kuogelea na kofia ya mpira, na anacheza dansi ya mtindo wa Kilatini iliyobuniwa na Robert Alton, ambaye anaonekana mwenyewe kama mwenzake wa kucheza. Dansi hiyo hutajwa sana kama ushahidi wa aibu. Binafsi naiona ndiyo sehemu hai kuliko zote. Garbo si mchezaji hodari, lakini anaonekana akifurahia, mabega yamelegea, na kwa dakika chache hakuna anayedanganya mtu. Kinachokosekana ni sababu. Dansi haisogezi hadithi hata hatua moja. Larry angeweza kuiona au kutoiona na mambo yangekuwa yaleyale. Linganisha na kofia ya Ninotchka: kofia ya ajabu yenye umbo la faneli, anayoiona dirishani na kuidharau kama dalili ya ustaarabu unaokufa, kisha baadaye anafunga milango, anafungua droo, na kuitoa. Vazi moja, na ndani yake kuna historia yote ya mabadiliko yake. Katika filamu ya 1941 mavazi ni mengi, mafupi na ya gharama, na hayasemi kitu. Adrian, mbunifu aliyemvalisha Garbo kwa zaidi ya miaka kumi, aliondoka MGM katika kipindi hichohicho na kufungua duka lake mwenyewe Beverly Hills mwaka 1942. Mpigapicha naye hakuwa William Daniels, aliyeujua uso ule kuliko mtu yeyote. Alikuwa Joseph Ruttenberg, fundi mkubwa, lakini mwenye mazoea mengine.

Jarida la Time liliandika kwamba kumwona Garbo katika hali hiyo kunashtua karibu sawa na kumwona mama yako amelewa. Sentensi hiyo imeishi muda mrefu kuliko filamu, na ni ya kikatili kuliko ilivyo sahihi. Kuna jambo ambalo wanaoinukuu huliacha: National Board of Review, bodi ya Marekani inayotathmini filamu, ilimtaja Garbo kwa filamu hii miongoni mwa waigizaji bora wa mwaka 1941. Maoni hayakuwa upande mmoja.

Sasa fedha, maana hapa ndipo hekaya inapovuja. Kwa kumbukumbu za MGM, Two-Faced Woman iligharimu takriban dola 1,247,000. Iliingiza dola 875,000 Marekani na Kanada, na 925,000 kwingineko, jumla 1,800,000. Mtu akitoa gharama kwenye mapato anaona ziada ya zaidi ya nusu milioni na kujiuliza hasara imetoka wapi. Imetoka kwenye nakala za filamu, matangazo na usambazaji, ambavyo vilimeza ziada yote na kuacha shimo la dola 62,000. Ni shimo dogo. Conquest, filamu yake ya 1937 kuhusu Napoleon na Marie Walewska, ilipoteza karibu dola 1,400,000, na baada yake studio ilimpa Ninotchka. Kampuni iliyovumilia hasara ile haikumfukuza mtu kwa elfu sitini.

Maelezo ya kawaida ni kwamba vita vilifunga Ulaya, na Ulaya ndiyo iliyokuwa ikimlisha Garbo. Lipo la kweli humo, lakini weka takwimu za Ninotchka kando ya hizi. Ile ilipata takriban dola 1,187,000 nyumbani na 1,092,000 nje. Kutoka filamu moja hadi nyingine, soko la nje lilishuka kwa 167,000. La nyumbani lilishuka kwa 312,000, karibu mara mbili. Ni kweli kwamba Ninotchka nayo ilitoka vita vikiwa vimeshaanza, kwa hiyo sehemu ya Ulaya ilikuwa imekwisha kupotea. Hata hivyo pigo jipya la 1941 lilitoka Marekani kwenyewe: alama ya C, mapadri wakihubiri dhidi yake, toleo lililoshonwa upya, na tarehe. Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani, ilishambuliwa tarehe 7 Desemba. New York ikaletewa filamu hii siku ya mwisho ya mwezi huo, nchi ikiwa vitani, vijana wakijiandikisha jeshini, na kioo kikionyesha mhariri tajiri anayecheza mahepe na mke wake milimani. Hata hati nzuri ingepata shida kupenya hapo.

Wala Garbo hakufunga mlango siku hiyo. Mradi uliofika mbali zaidi baadaye ulikuja 1949. Mtayarishaji Walter Wanger alipanga filamu kutokana na hadithi ya Balzac, La Duchesse de Langeais, Max Ophüls aongoze, James Mason awe mwenza. Garbo alipigwa picha za majaribio mwaka huo, Daniels akiwa mmoja wa wapigapicha. Fedha hazikutimia na mradi ukafa. Picha hizo zilipatikana tena miongo minne baadaye, na zinamwonyesha mwanamke wa miaka 43 ambaye kamera bado inamtii. Chama cha watu wa sinema kinachotoa Oscar kikampa tuzo ya heshima kwa mwaka 1954, hakwenda kuipokea.

Kwa anayetaka kuitazama Two-Faced Woman leo, nakala zinazopatikana kwa kawaida ni zile zenye tukio la simu. Fanya hivi: Larry anapoinua simu kuulizia habari za milimani, ruka hadi tukio linalofuata na uendelee kana kwamba hajapiga. Nusu ya pili itabadilika. Kusitasita kwa Douglas kutapata maana, macho ya Garbo anapombusu mume anayemdhania amepotea yatapata maumivu yake, na mwisho, Larry anapoporomoka mlimani na skii zake hadi majini, utakuwa na kisa cha kumcheka. Tatizo la lafudhi litabaki palepale, na Miss Ellis bado atakuwa na maneno machache mno.